Wewe ndiye uliyesema imemaliza

Leo ni siku ya nne na bado ninayasikia maneno ya binti yangu kama alivyoyatamka akiwa mlangoni, mkoba wa shule ungali begani: "Lakini baba, wewe ndiye uliyesema imemaliza." Hakuyasema kwa hasira. Laiti angekasirika, ningepata pa kuanzia kujitetea. Aliyasema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wawili wanalijua, kisha akaingia ndani kubadilisha nguo.

Wiki hii mama ametoka hospitali na mkataba wangu wa kazi umeongezwa kwa mwaka mwingine, nanyi mnaonisoma mnajua nilivyoyasubiri yote mawili. Hata hivyo, kila ninapoketi mbele ya kompyuta hii ya mezani, mawazo yananirudisha Jumatatu usiku.

Tulikuwa tunanakili video ya mradi wake, ile aliyomrekodi bibi yake, karibu gigabaiti 2, tukiihamishia kwenye diski ya nje. Mstari wa kunakili ulijaa kabla ya nusu dakika kwisha. Nilipobofya alama ya kuondoa diski kwa usalama, ukatokea ule ujumbe ambao umenisumbua kwa miezi, kwamba diski inatumika na haiwezi kuondolewa. Binti yangu akainama hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akausoma polepole, akaniuliza, "Inatumika na nani?" Nikamjibu, "Hakuna anayeitumia. Imemaliza, chomoa tu." Taa ndogo ya buluu ilikuwa ingali inametameta alipoivuta kebo. Niliiona, nikanyamaza.

Kesho yake darasani jina la faili lilikuwepo lakini video haikufunguka. Nakala ya kwanza ingali kwenye kompyuta na mwalimu amempa siku nyingine, kwa hiyo hakuna kilichopotea moja kwa moja. Ila mtoto alisimama mbele ya wenzake, diski mkononi, kwa kuliamini neno langu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Kompyuta yangu inaendeshwa na mfumo wa Linux, na Linux, ili mtu asisubiri, hupokea data kwanza kwenye kumbukumbu yake ya muda na kuzipeleka diskini baadaye. Kwa mipangilio yake ya awali, data zinazongoja kuandikwa zinaweza kufikia asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo huru, na huweza kukaa humo sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa zimechelewa. Kumbukumbu yangu ni gigabaiti 16, kwa hiyo sehemu kubwa ya ile video ilitosha kukaa humo huku mstari ukituonyesha kwamba kazi imekwisha. Diski yetu ya zamani huandika megabaiti 30 hivi kwa sekunde, na ukigawanya utaona kwamba ilihitaji zaidi ya dakika moja. Isitoshe, niliiandaa kwa mfumo wa exFAT ili isomeke kwenye kompyuta yoyote, na mfumo huo hauweki rekodi ya mabadiliko ambayo ingeusaidia kujirekebisha uandishi unapokatizwa njiani.

Jana usiku niliamua kulijibu swali lake ipasavyo. Nilinakili video upya, nikabofya alama ileile, ukaja ujumbe uleule. Safari hii niliandika lsof, amri inayoorodhesha programu zinazotumia faili au folda, pamoja na anwani ya diski, na ikaniletea mstari mmoja tu: dirisha la amri nililolifungua mwenyewe ndani ya folda ya diski ili kukagua ukubwa wa faili, kisha nikalisahau nyuma ya madirisha mengine. Halikuwa likiandika chochote; lilikuwa limesimama tu ndani ya folda ile, na hilo pekee linatosha kuizuia diski isiondolewe. Miezi yote hiyo nilikuwa nikilazimisha kwa umount -l, amri ambayo huiondoa diski machoni mwako huku waliokuwa wakiitumia wakiendelea kuitumia kimyakimya, na nikadhani nimepata dawa.

Nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Nilimwita binti yangu ingawa alikuwa ameshapanda kitandani, nikamwambia, "Uliniuliza inatumika na nani. Ni mimi." Akacheka, akavuta kiti. Nililifunga lile dirisha, nikabofya tena, nasi tukaitazama taa ikimetameta kwa dakika moja na zaidi, kisha ikatulia, na ujumbe ukatokea kwamba sasa diski inaweza kuondolewa. Alingoja nimwambie. Nikamwambia asome mwenyewe ndipo achomoe.

Akainama tena, pua karibu na kioo, macho ameyafinya, ilhali maandishi yalikuwa makubwa na mimi niliyasoma nikiwa nimeegemea kiti. Jumatatu nilidhani ni udadisi. Sasa najaribu kukumbuka tangu lini amekuwa akisoma hivyo, na kama huko darasani anaketi mbele au nyuma, nami sikumbuki kama niliwahi kumuuliza.