Amali bila karakana itapimwa kwa kalamu

Tangu Januari 2024, baadhi ya shule za sekondari zilipoanza kupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza katika mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za vitendo, wazazi wenzangu hapa Mbeya wamekuwa wakiniuliza kama ninaupinga mtaala mpya au ninauunga mkono. Jibu langu huwaudhi wa pande zote mbili. Ninaunga mkono kijana wa miaka kumi na minne kupiga randa, kuchomelea geti au kubebesha (kuunganisha) mche wa parachichi akiwa shuleni, na kuandikiwa alama kwa kazi hiyo. Ninachokipinga ni kuufungua mkondo huo katika shule zisizo na karakana kwa matumaini kwamba karakana itakuja, kwa sababu historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba kinachotangulia kufika ni mtihani wa maandishi.

Kwa asiye na mtoto wa umri huo, niseme kwa ufupi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Dodoma Februari 2025, inaipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita na kuifanya sekondari ya miaka minne kuwa sehemu ya elimu ya lazima ya miaka kumi. Sekondari hiyo ina mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Mtihani wa darasa la saba unaondoka pamoja na darasa lenyewe, na mimi sioni sababu ya kuulilia.

Ugumu uko kwenye kalenda. Watoto walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wanamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia wanamaliza darasa la saba kwa mtaala wa zamani, kwa hiyo makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja mwaka 2028. Mwaka huohuo wa 2027 ndio ambao wanafunzi wa kwanza wa amali wanafika kidato cha nne na kufanyiwa upimaji wa mwisho. Mkurugenzi wa halmashauri mwenye fedha za jengo moja tu atajenga nini wakati huo? Atajenga madarasa, wala sitamlaumu, kwa maana mtoto asiye na pa kukaa huonekana na kila mtu, ilhali karakana isiyokuwepo haionekani mpaka siku ya mtihani wa vitendo.

Yaliyotokea kwenye maabara yananipa hofu hii. Shule za kata zilipotapakaa katikati ya miaka ya 2000, nyingi zilifunguliwa bila maabara hata moja, na mwaka 2012 Rais Kikwete akaagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Michango ilipita nyumba kwa nyumba, watendaji wa kata wakakimbizana na wananchi, majengo yakasimama. Baadhi yake yalikaa miaka bila meza wala gesi, achilia mbali kemikali. Kabla ya hapo tulikuwa na mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mwanafunzi aliyetoka shule isiyo na maabara alisoma kwenye karatasi maelezo ya jaribio ambalo hakuwahi kuliona likifanyika, kisha akaandika rangi ilibadilikaje. Waliokuwa na kumbukumbu nzuri walifaulu, na cheti hakikueleza kwamba mwenye nacho hajawahi kushika bomba la maabara mkononi.

Nitaambiwa kwamba safari hii mambo yamepangwa tofauti. Ni kweli, kwenye maandishi yamepangwa vizuri. Mwanafunzi wa amali atafanya masomo yake ya jumla chini ya Baraza la Mitihani, NECTA, na kupimwa fani yake kwa vigezo vya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, naye akihitimu anaweza kuajiriwa, kujiajiri au kuendelea na masomo ya juu. Lakini upimaji wa vitendo unahitaji kitu cha kufanyia vitendo. Shule yenye wanafunzi arobaini wa useremala na misumeno miwili itampa mpimaji chaguo gumu, ama awafelishe wote kwa kosa lisilo lao, ama akubali wamweleze kwa mdomo na kwa kalamu jinsi ambavyo wangetengeneza kiungo cha meza kama wangekuwa na patasi. Ninaamini atachukua la pili, kwa huruma. Tena mwanafunzi ataeleza kwa Kiingereza, kwa kuwa lugha ya kufundishia na kupimia sekondari haikuguswa.

Nyanda za Juu Kusini hatuna sababu ya kubahatisha jinsi shule ya ufundi inavyotakiwa kuwa. Ifunda, mkoani Iringa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama chuo cha ufundi, kwenye eneo lililokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hapa Mbeya tuna Iyunga. Shule za namna hiyo zilijengwa kuizunguka karakana, zikapewa mashine, stoo ya malighafi na walimu waliosomea ufundi wenyewe. Ni ghali, na ndiyo maana zilikuwa chache.

Wazazi wengi wanaoupinga mkondo huu hawaupingi kwa sababu zangu. Katika kikao kimoja cha shule ya kata, baba mmoja alisimama akasema, «Mwalimu, samahani, watoto wa wakubwa nao watachomelea?» Watu walicheka, na mkuu wa shule akacheka pia, lakini hakujibu. Manung'uniko hayo ni ya siku nyingi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka kazi ya mikono iheshimiwe shuleni na mtihani upunguziwe ukubwa. Azimio la Musoma la 1974 likaagiza kazi ya mwaka mzima ihesabiwe pamoja na mtihani wa mwisho. Baadaye, katika shule nyingi, jembe likabaki kuwa adhabu ya mchelewaji. Mzazi aliyekulia huko hawezi kuamini haraka kwamba amali si mlango wa nyuma wa kuwatoa watoto wa wakulima kwenye safari ya chuo kikuu. Mimi sidhani kwamba hiyo ndiyo nia ya sera, ila nakiri kwamba shule isiyo na vifaa itazaa matokeo yaleyale bila mtu yeyote kuwa na nia hiyo.

Ipo njia ya kupima ufundi ambayo tunayo tayari. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwarasimisha mafundi waliojifunzia mtaani: mpimaji humfuata fundi anakofanyia kazi, humhoji, humtazama akifanya, humwonyesha anapopungukiwa, na akishajazia pengo hupewa cheti. Kijana wa Mafinga aliyekua kando ya mashine za dingdong zinazopasua mbao za msitu wa Sao Hill anajua ubao wa mbili kwa sita uliopinda kwa kuutupia jicho tu, na utaratibu huo una uwezo wa kuutambua ujuzi huo. Kwa nini mwanafunzi wa amali asipelekwe kwa fundi aliyesajiliwa, siku mbili kwa wiki, kwa malipo yanayoeleweka, akapimwe hukohuko? Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kila mwezi. Sehemu yake ikimlipa fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa kumlea mwanafunzi mmoja, itakuwa imetumika kwa kazi iliyotozewa.

Nimekwisha kumwambia diwani wetu, na nitarudia kwenye kikao kijacho cha wazazi, kwamba kabla ya watoto kugawiwa fani, kila shule ibandike kwenye ubao wa matangazo orodha ya vifaa ilivyo navyo kwa kila fani, idadi yake, na jina la somo ambalo kila mwalimu wa fani alisomea. Shule ambayo orodha yake ni fupi ifundishe fani moja, hata kama ni kilimo peke yake, kwa kuwa shamba lipo na mvua zetu hazijambo.