Programu inajisubiri yenyewe

Leo nimeona maajabu.

Nina programu ya C inayoandika kumbukumbu, kila mstari na saa yake. Ukibonyeza Ctrl+C, fankisheni inayopokea SIGINT (ishara ya kuiambia programu isimame) huandika saa ya kufunga, kisha basi.

Mara nyingi inakubali. Leo ikaganda. Haifi, haisogei, mshale unapepesa tu. Kile kimya, jamani! Nikaiua kwa nguvu, kwa amri ya kill -9.

Kumbe ishara iliingia wakati localtime, fankisheni ya C inayogeuza muda kuwa saa ya hapa, ikiwa katikati ya kazi, imeshika kufuli inayozuia mwingine asiingie hadi imalize. Fankisheni yangu nayo ikaita localtime, ikakaa kusubiri kufuli ileile.

Sasa fankisheni yangu inaweka 1 tu kwenye volatile sig_atomic_t (kigeu kilicho salama kuandikwa ishara ikiingia), kitanzi kikuu kinaiona na kumalizia.

Nani mwingine yamemkuta?