Kikohozi ambacho hakikuja

Jana wameniingiza tena ule mpira wenye kamera mpaka mapafuni. Usingizi haukunikolea vizuri, nikamsikia daktari akisema, "Hii hapa." Kwenye mshono, pale njia yangu ya hewa ilipounganishwa na pafu la mtu mwingine, palikuwa na utando mweupe kama unga uliolowana. Fangasi. Aspajilasi.

Sikuwa na homa. Sikukohoa hata mara moja, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Pafu linapopandikizwa, mishipa yake ya fahamu hukatwa, wala haiungwi. Chini ya mshono kitu kinaweza kujikalia na mwili usishtuke. Kilichonishitukia ni kile kifaa ninachopuliza kila asubuhi: namba zilikuwa zinashuka kidogo kidogo, nami najiambia sikupuliza vizuri. Nimejidanganya siku tisa. Nimezihesabu kwenye daftari.

Vijimbegu vya fangasi huyu kila mtu anavivuta kila siku. Vina upana wa maikromita 2 au 3 tu, vinapenya hadi ndani kabisa, na kinga ya wenzangu inavifagia. Yangu naififisha mwenyewe kwa vidonge, asubuhi na jioni, isije ikalikataa pafu. Aliyepewa figo, figo yake imejificha mwilini. Pafu linapokea hewa ya dunia nzima. Na mshono wenyewe haupati damu ya kutosha, maana mishipa midogo inayolisha kuta za njia ya hewa kwa kawaida hairudishiwi.

Nimeanzishiwa vorikonazoli. Papo hapo wakapunguza takrolimasi, ile dawa yangu ya kufifisha kinga, kwa sababu dawa ya fangasi inalizuia ini kuivunja, na ikirundikana kwenye damu figo zinaumia. Basi ni kutobolewa mkono kila mara. Muda mfupi baada ya kumeza, taa ya chumbani inajizungushia duara la rangi. Nilionywa, bado niliogopa. Jua nalo nilikwepe: dawa hii ikitumika muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Muuguzi aliniuliza kama nimeshika udongo. Nikanyamaza kwanza. Mwezi uliopita nilihamisha ua kutoka chungu kidogo kwenda kikubwa, ndani ya nyumba, dirisha limefungwa, barakoa iko mfukoni. Kama fangasi ndiko alikotoka, hakuna atakayejua. Leo mdogo wangu amekuja kulichukua. Limechipua majani mawili mapya.