Laptopu ya dogo, duka la Uingereza na kesi tuliyoiendesha tukiwa Langoni

Nyinyi mlioko Uingereza mnaonunua vitu mtandaoni mkapeleka nyumbani, hii nawaandikia nyinyi hasa, maana kwenye magrupu ya WhatsApp nasikia watu wanaambiana ukishavusha mzigo ukafika Kenya basi imekula kwako, duka halikusikilizi tena. Si kweli hata kidogo. Mie naishi Leicester, kwetu Lamu, mtaa wa Langoni, na mwezi wa 12 nilipokwenda likizo nilimbebea mdogo wangu laptopu mpya, boksi lina sili yake, na kilichokuwa ndani sicho nilicholipia.

Dogo anapiga na kuediti video za harusi, na za mashindano ya jahazi pia akipata kazi. Mashine yake ya zamani ukiweka klipu mbili tatu inaganda, anaiacha ifanye kazi usiku kucha halafu umeme unakatika alfajiri anaanza upya, bwana harusi anapiga simu anataka video yake. Kwa hiyo nilioda yenye RAM (memori ya kufanyia kazi) 16GB na SSD (diski ya kuhifadhia) 512GB, ndivyo ilivyoandikwa kwenye tangazo la duka, kwenye imeili ya oda na kwenye risiti. Tumeifungua baada ya isha, watoto wa nyumba nzima wametuzunguka, dogo hata rangi hakuiangalia, kaenda moja kwa moja kwenye setingi, akasoma, akanyamaza. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ile Taski Meneja ya Windows inayoonyesha memori na diski ikafunguka, memori 8. Diski 238, ambayo ni ile inayouzwa kama 256 (hesabu hii nitairudia).

"Dada, hii siyo."

Mama kutoka jikoni: mwanangu, ndoo ule kwanda, kompyuta haikimbii. Lakini nani ale, paundi 649 hizo.

Kesho yake fundi wa mtaani akaja na bisibisi zake tayari kufungua kifuniko cha chini atuangalizie, na hapo ndipo niliposhika boksi nikamwambia fundi, kakangu, tafadhali usiguse skrubu hata moja. Alininunia kidogo. Lakini niliwaza hivi, hawa watu wako mbali, hawatuoni, kitu cha kwanza watakachosema ni kwamba tumeichezea. Tukapiga picha tu: skrini inayoonyesha memori, stika ya chini ya laptopu yenye seriali namba, lebo ya boksi, risiti. Na lebo ya boksi ndiyo iliyotupa jibu, maana yenyewe imeandikwa 8GB/256GB kwa herufi ndogo pembeni, na namba ya modeli inafanana na ile ya kwenye oda isipokuwa herufi za mwisho. Yaani kule stoo mtu amenyoosha mkono akachukua boksi la jirani. Laptopu ikarudi kwenye boksi siku ileile, dogo asiitumie hata kuangalia mpira.

Sasa ngoma ikaanza. Saa tatu asubuhi ya Uingereza, huduma kwa wateja wanapofungua, kwetu msimu wa baridi yao ni saa sita mchana, kwa hiyo kila nikipata mtu kwenye chati adhana ya adhuhuri inakaribia na mtandao nao unakwenda na kurudi. Ami yangu, aliyekuwa na duka lake Langoni miaka mingi, anakaa pembeni yangu ananiuliza wanasemaje, wanasemaje. Yeye alitaka nimpe simu azungumze na mwenye duka kiungwana, waelewane kama wafanyabiashara wawili. Nikamwambia ami, hakuna mwenye duka, kuna chati, na leo anakujibu huyu kesho mwingine. Akatikisa kichwa. Kwake yeye mteja akirudisha kitu mnakaa barazani, jirani mtu mzima anaingia kati, kahawa inaletwa, mnamaliza kabla ya magharibi, na mie nakubali utaratibu huo una raha yake, ila hauwezi kupita kwenye chati.

Jibu la kwanza: siku 14 za kurudisha zimepita. Hapa ndipo wengi wetu wanapokata tamaa, na ndipo pa kusoma vizuri. Zile siku 14 ni za mtu aliyenunua mtandaoni kisha akabadilisha nia, kitu hakina kosa lolote ila hakitaki tena, hizo zinatokana na kanuni za Uingereza za 2013. Kitu ambacho hakifanani na maelezo yake ni habari nyingine kabisa, kina sheria yake, ile ya Haki za Watumiaji ya 2015, na humo una siku 30 tangu kukipokea za kukikataa na kudai pesa yako yote. Mie bado nilikuwa ndani ya 30. Zikishapita hizo hujapoteza kila kitu, ila hapo muuzaji ana haki ya kwanza kutengeneza au kukubadilishia, na akishindwa ndiyo unadai kupunguziwa bei au kurudishiwa.

Jibu la pili, wasiliana na kampuni iliyoitengeneza. Hapana, aliyenichukulia pesa ni nyinyi, mkataba wangu ni na nyinyi. La tatu likaja kama zawadi, ati watanirudishia paundi 40 nibaki nayo. Tofauti ya bei kati ya mashine hizo mbili kwenye duka lao lenyewe ilikuwa 180! Ami alicheka mpaka akakohoa.

La nne ndilo lililonitoa machozi ya hasira. Wakaandika kwamba kwa kuwa bidhaa imetolewa nje ya nchi, hawana uhakika kama vifaa vya ndani havikubadilishwa huko. Huko! Kwa lugha laini kabisa wanatuambia nyinyi watu wa huko mmechomoa memori mkauza. Dogo alipotafsiriwa alitoka nje akaenda zake Mkunguni, hakusema kitu. Ningejibu siku ileile ningeharibu, kwa hiyo nililala nalo, na asubuhi nikakaa na dogo tukaanza kuchimba. Tukaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, pale unapoweka seriali namba wanakuonyesha mashine ilivyotoka kiwandani: 8GB, 256GB. Seriali hiyo ni ileile iliyo chini ya laptopu, ileile iliyo kwenye lebo ya boksi. Halafu dogo akaona kitu kitamu zaidi kwenye karatasi ya sifa za modeli ile, memori yake imechomelewa kwenye ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, haina hata sehemu ya kuchomeka. Haichomoki. Hata angetaka nani kuiiba angehitaji mashine ya kiwanda, si bisibisi ya mtaani. Fundi alipoambiwa alifurahi kuliko sisi, akasema waandikie hivyo hivyo.

Nikaandika barua, si chati tena, imeili yenye tarehe. Ndani yake niliweka namba ya oda, nilichoagiza, nilichopokea, zile picha, ukurasa wa watengenezaji, na sentensi moja iliyo wazi kwamba ninaikataa bidhaa hii chini ya sheria ya 2015 kwa sababu hailingani na maelezo na nadai kurudishiwa pesa yote. Sentensi hiyo msiiache. Ukiandika tu kwamba umesikitika, wao watakusikitikia pia na siku zinakwenda. Ami alitaka nimsomee kwa Kiswahili, nikamsomea, akasema barua kavu hii, hata salamu haina, utafikiri mmegombana. Nikamwambia ami tumegombana.

Imeili ya pili nikaituma benki, na hii nadhani ndiyo iliyofanya kazi zaidi, ingawa siwezi kuapa. Nililipa kwa kadi ya krediti. Uingereza kuna kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya 1974, kitu kinachozidi paundi 100 na kisichozidi 30,000 ukikilipia kwa kadi ya krediti, kampuni ya kadi inabeba jukumu pamoja na muuzaji. Yaani unaweza kudai benki moja kwa moja kana kwamba wao ndio waliokuuzia. Kadi ya debiti haina kifungu hicho, hapo unaomba benki ijaribu kuivuta pesa nyuma, ni utaratibu wa kampuni za kadi wenyewe na una muda wake, usichelewe. Na ukilipia kupitia mtu au kampuni ya kati, kifungu cha 75 kinaweza kuleta utata. Kuna watu huku wanaogopa kadi za krediti kwa sababu ya riba, na wana haki yao, mie naitumia na kuilipa yote mwisho wa mwezi isizae kitu.

Jambo jingine, haki hizi ni za aliyenunua. Dogo asingeweza kuwaandikia yeye, hata kama laptopu ni yake na iko mikononi mwake, kwa hiyo ukimnunulia mtu usimtumie risiti ukafuta kwako.

Baada ya benki kuwauliza, duka likabadilika sauti ghafla. Samahani zikamiminika, kosa la stoo, tutakurudishia yote, tunakuomba tu uirudishe kutoka anwani ya Uingereza. Kwa sheria gharama ya kurudisha kitu kisichofanana na maelezo ni ya muuzaji, lakini imeandikwa gharama za kiasi, na parseli ya kimataifa kutoka Lamu sikutaka iwe kesi ya pili, wangepata pa kunishikia. Nilikuwa narudi mwenyewe. Laptopu ikapanda boti tena mpaka Manda, ikapanda ndege, nikaituma kutoka Leicester kwa lebo waliyolipia wao. Wakishakubali kwamba unastahili pesa yako wana siku 14 za kuirudisha, na iliingia ndani ya muda, 649 kamili.

Mkiwa Kenya mkanunua Kenya msidhani hamna kitu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na mahakama ya madai madogo inasikiliza madai mpaka shilingi milioni 1. Ila ukweli ni kwamba wengi wetu tunaanza na kumpigia simu jamaa anayemjua mwenye duka, na mara nyingi inatosha.

Pesa iliporudi sikununua tena huku. Nilimtumia dogo, akapanda basi kwenda Mombasa, akaingia dukani, akawaambia waiwashe kwanza, akaangalia memori, akaangalia diski, akasoma seriali kwenye boksi na chini ya mashine, muuzaji akamuuliza wewe ni polisi? Ndiyo akalipa. Iliishia kuwa ghali kidogo kuliko ya kwangu na sijali.

Usiku akanipigia tayari yuko Lamu, sauti ya mtu aliyefiwa. "Dada, tumeibiwa tena. Memori 16 sawa, lakini diski inasema 476, si 512!" Nikamwambia tulia, hiyo ni 512 yako yote. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, kwa hiyo pipa ni lilelile, kibaba ndicho kikubwa zaidi. Ndiyo maana ile ya mwanzo ilisoma 238. Akanyamaza, nasikia anabonyeza kalkuleta.

"Haya, sawa," akasema. "Ila ami yuko hapa, anauliza kwa nini wasiandike 476 kwenye boksi."