Kigawo Nilichokiruka

Nilikuwa sekondari siku mwalimu wetu wa hisabati alipoandika ubaoni 6, 28, 496 na 8,128, akatueleza kuwa hizo ni namba kamilifu, kwa sababu kila moja ni sawa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiiacha yenyewe. Kwa 28, tulijumlisha 1, 2, 4, 7 na 14 tukaona. Kazi ya nyumbani ilikuwa kuitafuta ya tano.

Nilikuwa na uhakika kwamba ingekuwa na tarakimu tano na kuishia na 6, kwani hizo nne zilipanda tarakimu moja moja na kuishia na 6 na 8 kwa kupokezana. Nilifuata kanuni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale: jumlisha 1, 2, 4, 8 na kuendelea, na jumla ikitokea kuwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyoijumlisha. Jumla za 255, 511 na 1,023 zilianguka upesi. Ilipofika 2,047, niliigawanya kwa 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19, ikagoma kote, nami kwa uchovu nikaitangaza kuwa tasa. Jibu langu, 2,096,128, lilikuwa na tarakimu saba na kuishia na 8, lakini nililipeleka hivyo hivyo.

“Mwanangu, umejaribu 23?” mwalimu aliuliza, wala hakuongeza neno.

Ishirini na tatu mara 89 ni 2,047. Nilikuwa nimekomea mlangoni.

Usiku uliofuata niliiruka 4,095, ambayo inagawanyika kwa 5, nikaikabili 8,191. Kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 91, ilinibidi kuijaribu kwa kila namba tasa hadi 89, zote 24, na safari hii sikuruka hata moja: 53 iliacha baki 29, 79 ikaacha 54, na 89 ikaacha 3. (Miaka mingi baadaye nilisoma kuwa Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha 8,191 lazima kiache baki 1 kikigawanywa kwa 26, yaani 53 na 79 peke yake zingenitosha. Bado naona uchungu kidogo.)

Nilizidisha 8,191 kwa 4,096, nikapata 33,550,336. Tarakimu nane! Mpangilio wangu wa tarakimu ulikufa hapo. Ule wa kupokezana ulisalimika kwa muda tu, maana ya sita, 8,589,869,056, nayo huishia na 6.

Sikuiamini mpaka nijumlishe vigawo vyake 25. Vipeo vya 2, kuanzia 1 hadi 4,096, vilinipa 8,191. Vilivyobaki, yaani 8,191 ikirudufiwa hadi mara 2,048, vilinipa 33,542,145. Niliziandika mbili hizo moja chini ya nyingine, nikapiga mstari, nikaanza kujumlisha kutoka kulia: moja na tano, sita.