Nilipounda Datsun ya Safari Mkomani

Watu wa Amu, yaani Lamu, hawashangai kumwona mtu mzima akiunda chombo kidogo cha kuwekwa rafuni, kwa kuwa majahazi madogo ya mbao yamekuwa yakichongwa kisiwani kwetu na kuuziwa wageni tangu kabla sijazaliwa. Kilichowashangaza majirani zangu wa Mkomani mwaka ule ni kwamba chombo nilichokuwa nikikiunda kilikuwa gari, nasi tunaishi katika mji ambao vichochoro vyake hupitwa na punda na waendao kwa miguu, na msafiri mwenye gari huliacha ng'ambo, Mokowe, akavuka kwa boti. Nilikuwa nimeshapita miaka arobaini, na sikuwahi kuunganisha hata kipande kimoja cha plastiki.

Boksi nililetewa na ndugu yangu anayefanya kazi Dubai. Ndani yake mlikuwa na vipande vya Datsun 240Z kwa kipimo cha 1 kwa 24, kazi ya kampuni ya Hasegawa ya Japani, mfano wa gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliliendesha wakashinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971: bodi nyekundu, namba 11, na boneti nyeusi isiyong'aa ili jua lisirudi machoni mwa dereva. Baba yangu, akiwa kijana, alizifuata mbio hizo kwa redio kila msimu wa Pasaka, na jina la Herrmann nimelisikia nyumbani tangu utotoni. Ndiyo maana nilimwagiza ndugu yangu gari hilo na si jingine.

Siku ninayotaka kuieleza ni ile aliyokuja ami yangu kutoka Matondoni. Ami ni fundi wa majahazi madogo, na mikono yake imezoea patasi ndogo kuliko mikono ya mtu yeyote ninayemjua. Kufikia siku hiyo nilikuwa nimekwisha kukata vipande vyote kutoka kwenye fremu za plastiki zilizovishikilia, nimevisugua kwa msasa laini, na nimeipaka bodi praima nyeupe, yaani rangi ya chini, kwa sababu rangi nyekundu haifuniki vizuri ikiwekwa juu ya kijivu, bali hubaki imefifia. Viti vilikuwa vimeshabandikwa sakafuni. Nilikuwa nikitafuta kitu cha kutengenezea mikanda ya viti, basi nilimpangia mezani utepe wa hariri, tepu ya karatasi na kipande cha karatasi ya fedha, nikamwomba aniamulie.

Aliushika utepe kwanza, akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Hini ni nene, mwanangu," akasema. Kisha akaniuliza mkanda wa gari la kweli una upana gani, nikamjibu sentimita 5, naye akataka tugawanye kwa 24. Tulipata milimita 2 na nukta kidogo. Upana ulikuwa umetimia, lakini hakuridhika. Akaniambia kuwa utepe wenye unene wa nusu milimita, ukikuzwa mara 24, huwa mkanda wenye unene wa milimita 12, na hakuna mtu awezaye kujifunga mkanda wa aina hiyo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini majahazi yake yanaonekana yako tayari kung'oa nanga na ya wengine yanaonekana ni vibao. Jahazi la mita 15 yeye huliunda kwa sentimita 60, yaani 1 kwa 25, kipimo kilicho karibu sawa na cha Datsun yangu. Tanga la chombo kikubwa hushonwa kwa marekani, kitambaa kizito cha pamba, lakini marekani hiyohiyo ikitundikwa kwenye mlingoti wa jahazi dogo huwa godoro. Ami hutumia melimeli, kitambaa chembamba, tena iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalegea, na kamba zake husokota mwenyewe kwa nyuzi za kushonea, kwani kamba ya milimita 2 katika chombo cha namna hiyo huwa nene karibu kama kifundo cha mkono wa baharia. Katika kipimo, urefu na upana kila mtu huvikumbuka, ila unene husahaulika, na kwa maoni yangu unene ndio unaotenganisha kazi ya fundi na kazi ya duka la zawadi.

Alitoa mkobani kipande cha melimeli, akakipaka gundi nyepesi iliyotiwa maji ili nyuzi zisitoke, akakiacha kikauke juu ya kioo, kisha akakata vipande vya milimita 2 kwa wembe, akiikandamiza rula kwa kucha. Vilipolazwa juu ya kiti vilijikunja vyenyewe kwenye ukingo wa mto wa kukalia na kushuka hadi sakafuni, jambo ambalo utepe haukuweza kulifanya.

Rangi nayo ilifuata kanuni hiyohiyo. Nafasi kati ya mlango na bodi ya gari la kweli ni kama milimita 5, hivyo kwenye mfano ni mfereji wa takriban milimita 0.2, ambao tabaka moja zito la rangi hutosha kuufukia. Rangi ya gari la kweli ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Unene huohuo ukiwekwa kwenye mfano, ni sawa na kulipaka gari zima kwa rangi ya zaidi ya milimita 2. Kopo langu lilikuwa la rangi ya magari, limenunuliwa Mombasa likaja kwa basi hadi Mokowe, na kwa kuwa rangi za aina hiyo zinaweza kuila plastiki isiyopakwa praima, nilikuwa nimeijaribu kwanza kwenye mabaki ya fremu.

Nilitaka kuanza saa ile ile, lakini ami alinizuia. Ilikuwa maleleji, majira ya kubadilika kwa pepo, na asubuhi hewa bado ilikuwa nzito kwa umande. Alinieleza kuwa vanishi ikipakwa katika hewa ya namna hiyo huota ukungu mweupe, nami nikatambua kuwa rangi yangu ingefanya vivyo hivyo, maana kimiminika chake kinapovukiza hupoza uso wa plastiki, na unyevu wa hewani ukatua juu yake. Tulingoja hadi adhuhuri, tukasali, tukapanda darini chini ya makuti, upande uliokingwa na upepo. Nililishika kopo mbali na bodi kiasi cha sentimita 20, nikaanza kupuliza nikiwa sijaifikia bodi na kuacha nikiwa nimeshaipita, ili matone mazito ya mwanzo na mwisho yasiiangukie. Tabaka la kwanza liliacha weupe mwingi ukionekana, nasi tukaliacha hivyo. La pili likawa la waridi. Wekundu wenyewe ulikuja taratibu, na mifereji ya milango ikabaki wazi pande zote.

Ilipokauka, ami aliipima bodi kwa mkono, akakuta ni robo tatu ya shibiri. Akainamisha kichwa kidogo. "Mara ishirini na nne ni shibiri kumi na nane. Gari lenyewe ni dhiraa tisa." Niliigeuza hesabu yake kwa mita nikapata 4.1, na huo ndio urefu wa 240Z. Kabla ya kwenda kuipata boti ya Matondoni alinisihi nisiipulize boneti nyeusi mpaka arudi Alhamisi, kwa kuwa alitaka kuwapo tepu ya kuukinga wekundu itakapobanduliwa.