Kisu namba 3 kimekubali: kutoka kubeba hadi kushika

Leo saa tano usiku kisu namba 3 kimemaliza raundi kumi za kugongwa, kila raundi mara kumi, kikiwa kimepakwa grisi mpaka kwenye msuka (kitako cha ubapa kilicho ndani ya mpini), na loki, ile inayozuia kisu cha kukunja kisijifunge, haijateleza hata mara moja. Wiki saba nimekaa nacho. Naandika mikono ikiwa bado na vumbi la chuma, maana nikilala nitapoteza vipimo.

Mnaofuatilia mradi huu wa kupima loki za visu vya kukunja mnajua kwamba namba 1 (loki ya mgongo, yenye jino mgongoni mwa mpini) na namba 2 (Opinel namba 8, kisu cha Kifaransa kinachofungwa kwa pete ya kuzungushwa) nilishavimaliza. Namba 3 ni kile cha loki ya bati (bati jembamba ndani ya mpini linaruka nyuma ya msuka kisu kikifunguka, na kuuzuia) nilichonunua Kariakoo, kwenye meza inayouza vifaa vya umeme. Hakina jina wala nchi. Ubapa sentimita 8.5, unene wa msuka milimita 3, bati la loki milimita 1.5. Ndicho kilichojifunga kwenye kidole changu cha shahada mwezi wa nne nikitoboa boksi la plastiki la swichi, nikashonwa nyuzi nne. Ningeweza kukitupa. Lakini sisi mafundi umeme tumetumia loki ya bati tangu zamani, visu vya umeme vyenye bisibisi ya kukunja vilikuwa nayo miongo mingi kabla Michael Walker hajaiboresha kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuifanya ienee dunia nzima. Nilitaka kujua hiki kimekosea wapi.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilipima nguvu peke yake. Mtambo wangu mnaujua: mpini umebanwa kwenye vaisi kati ya vipande viwili vya mninga, mgongo wa kisu ukiangalia juu, juu ya mgongo kinakaa kikuku cha chuma bapa, na chini ya kikuku linaning'inia dumu. Namimina maji lita moja moja, kila lita kilo moja. Nilianza na mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi, nikauacha baada ya siku mbili kwa sababu mkono unatikisika na namba zinacheza. Maji hayachezi. Kikuku kiko sentimita 6 kutoka kwenye pini ya bawaba, kwa hiyo dumu likijaa lita 20 loki inabeba karibu niutoni-mita 12. Namba 3 kilibeba zote 20 na bati halikusogea hata unywele. Niliandika kwenye daftari "imara sana" na nikapiga mstari chini yake.

Kesho yake nikakipeleka mtaa wa Gerezani, hapa Dar, kwa mzee anayenitengenezea vipande vya chuma. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya lita 20. Alikipokea, akakifungua, akakishika kwa vidole viwili ili kikijifunga kisimkute, akaugonga mgongo wa kisu kwenye mpini wa nyundo. Siyo kwa nguvu, kama unavyogonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria. Moja, mbili, tatu. Mara ya tatu kikajifunga.

"Mwanangu, hiki kinabeba," akasema. "Hakishiki."

Maneno yake yamebaki juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari langu, na yalibadilisha mradi wote. Nguvu ni uzito gani loki itabeba kabla ya kuvunjika au kupinda. Kushika ni kama itakaa mahali pake ukiishtua, ukiipinda, ukiikaba kwa mkono wenye jasho. Hivi ni vitu viwili mbalimbali, na kilichonikata kidole ni cha pili. Sikuwa nimekandamiza boksi kwa kilo 20. Ncha ilikwama, nikaivuta, mgongo ukagonga ukingo. Basi.

Nikatengeneza kigongeo: kirungu cha mkorosho cha gramu 300 kwenye mhimili, kinaachiwa kutoka kimo cha sentimita 10 kila mara. Hapa nina ugomvi na wale wanaojirekodi wakipiga mgongo wa kisu kwenye meza kwa nguvu zote za bega. Kisu chochote kitaumia hivyo. Unaharibu pini ya bawaba, unapanua tundu, halafu unatangaza kwamba loki ni mbovu. Pigo dogo lililo sawa kila mara linakwambia zaidi kuliko pigo kubwa moja. Kwa kigongeo changu, Opinel haikuteleza kabisa, pete yake imezunguka imefunga. Loki ya mgongo haikuteleza nikiwa nimeisafisha. Nilipoacha uchafu wa nyuzi za mfuko ujae kwenye kijishimo ambamo jino linaangukia, iliteleza mara mbili. Namba 3 kiliteleza raundi saba kati ya kumi.

Kuanzia hapo nilihangaika mwezi mzima, na nitaeleza yote kwa sababu kila hatua ilinidanganya kwa namna yake.

Kwanza nilifungua kisu chote na kukiosha kwa petroli. Nikakirudisha kikavu, nikagonga: raundi kumi safi. Nilifurahi mno. Jioni nikaweka grisi kwenye bawaba, kama mtu yeyote anayebeba kisu mfukoni Dar lazima aweke, la sivyo kutu. Asubuhi nikagonga tena kwa kutaka tu kuhakikisha. Raundi ya pili ikateleza.

Basi nikafikiri bati ni legevu. Nikalitoa, nikalipinda kidogo kwa ndani ili lisukume kwa nguvu zaidi. Raundi nne safi, ya tano ikateleza. Nikalipinda zaidi. Sasa kufunga kisu kwa kidole gumba kukawa kazi, na bado raundi ya sita ikateleza. Hapo nilikiweka juu ya kabati wiki nzima sikukigusa.

Kilichonirudisha ni makapeni nyeusi, kalamu ya wino mzito, ya shilingi elfu moja. Nilipaka wino uso wa msuka pale bati linapokutana nao, nikafungua na kufunga kisu mara ishirini, nikatazama kwa kioo cha kukuzia. Wino ulikuwa umefutika kwenye kona moja tu, upana wa punje ya mtama. Uso wote uliobaki ulikuwa mweusi vilevile. Yaani kile kisu kilichobeba lita 20 kilikuwa kimezibeba kwenye kona ile. Kila pigo, ubapa unaruka kidogo, mgandamizo unaachia kwa kitambo kifupi sana, na bati linarudi nyuma chembe. Pigo linalofuata, chembe nyingine. Ndiyo maana kisu hakikujifunga pigo la kwanza bali la tatu.

Halafu mteremko. Mnajua uso huo wa msuka haukai wima, unalala kidogo ili bati liingie kama kabari. Nilipiga picha kwa simu kutoka juu, nikaikuza, nikachora mistari na kusoma pembe: digrii 11. Kwenye kabari, kinachoamua kama itakaa au itarudi ni tanjiti ya pembe ikilinganishwa na msuguano. Tanjiti ya 11 ni 0.194. Chuma kwa chuma, vikavu na visafi, vinaweza kushikana hapo. Vikipakwa grisi, msuguano unashuka hadi 0.15 au chini yake, na kabari inaanza kurudi. Ndiyo siri ya petroli. Kisu changu kilikuwa kinashika pale tu kikiwa kikavu, na kisu cha kazi hakikai kikavu: kuna jasho, mafuta ya samaki, utomvu wa embe.

Kwa hiyo nililenga digrii 7. Nasema hapa kwa msisitizo kwa sababu nimeona ushauri wa kupaka risasi ya penseli kwenye uso wa loki ili isikwame: hiyo ni kupunguza msuguano mahali pekee unapouhitaji. Loki ikikwama rekebisha uso wake, usiulainishe.

Msuka umefanywa mgumu, tupa ya kawaida inateleza juu yake kama juu ya kioo na kuacha mng'ao tu. Nilinunua tupa ndogo ya almasi, na naitetea pesa niliyolipa kwa moyo wote. Ndiyo kifaa bora nilichonunua mwaka huu. Nikakata kabari ya mninga ya digrii 7, nikaugandisha msuka juu yake kwa gundi ya matone, nikakwangua mapito kumi, wino, kutazama, mapito kumi, wino, kutazama. Siku tatu za jioni. Bisibisi ya nyota T6 niliyokuwa nayo ikaisha meno katikati ya kazi hii na kuharibu skrubu moja ya mpini. Msinunue zile zinazokuja sita ndani ya boksi la plastiki. Nunueni moja, nzuri, T6 au T8, kulingana na skrubu zenu.

Mwishowe picha ilisoma 7 na nusu, wino ukafutika zaidi ya nusu ya uso, na loki ikashika. Lakini bati sasa lilikuwa limevuka msuka wote na kugusa ubavu wa pili. Hesabu yake ni ya kuumiza: kwenye mteremko wa 7.5, kila milimita 0.1 unayokwangua inalifanya bati lisafiri karibu 0.76. Msuka wangu ni milimita 3 tu. Ubapa ukaanza kucheza juu na chini, kwa sababu bati limefika ukutani na halina tena pa kukaza.

Usiku huo nilikaribia kabisa kukata tamaa. Dawa niliipata nikiwa kwenye daladala kutoka Mbagala. Ubapa ukifunguka unasimama kwenye pini ya kizuizi. Pini ikiwa nene zaidi, ubapa unasimama mapema, uso wa msuka unabaki karibu zaidi na bati, na bati linashika mapema. Pini ya asili ilikuwa milimita 4.0. Duka lolote la vifaa lina drili ya 4.2, kwa sababu ndiyo ya kutobolea kabla ya kukata meno ya skrubu ya M5. Nilinunua mbili. Moja ilipanua matundu ya pini kwenye mabati yote mawili, nyingine niliikata shina lake kwa grenda, nikalisugua kwa msasa wa 600, likawa pini yenyewe. Liliingia kwa kugongwa taratibu na mpini wa bisibisi. Nilipofungua kisu, bati lilisimama robo ya kwanza ya msuka, na ule mlio wake ulikuwa umebadilika. Zamani ulikuwa "cha". Sasa ni "tak".

Vipimo vya leo, kikiwa na grisi: raundi kumi safi. Lita 20 kwa dakika kumi, bati halikusogea. Nimebana ubapa kati ya mbao kwenye vaisi na kuuzungusha mpini kulia na kushoto, hakuna kitu. Nimeukaba mpini kwa nguvu zote, kovu la kidole likiwa juu ya ile nafasi iliyokatwa kuonyesha bati, kwa sababu nyama ya kidole inaweza kulisukuma bati hilo na kuifungua loki bila mtu kutaka. Haikufunguka. Nitarudia makapeni kila mwezi, maana pembe ndogo ina gharama yake: chuma kikilika kidogo, bati linasafiri mbali.

Ratiba ilisema wiki ijayo ni namba 4, loki ya fremu, ambapo ubavu mzima wa mpini ndio unaogeuka kuwa bati. Aliyeianzisha ni Chris Reeve alipokuwa Afrika Kusini, na kisu chake akakiita Sebenza, neno la Kizulu la kufanya kazi, ambalo naliona zuri kila nikilitamka. Halafu namba 5, ile ya pini ya kukingama inayosukumwa na springi mbili, iliyotoka kwa Benchmade mwaka 1998. Vyote viwili nimeviweka pembeni.

Nilipokuwa nasubiri gundi ikauke nilikuwa nachezea Opinel. Pete ile ilibuniwa na Marcel Opinel mwaka 1955, ni bati lililokunjwa na kukatwa mwanya, basi, na ndiyo loki pekee kati ya zangu ambayo haikushindwa na kigongeo hata mara moja. Tatizo lake hapa pwani ni mpini: mti wake unavuta unyevu, unavimba, na msimu wa masika ubapa wangu hautoki bila kugonga kitako cha mpini mezani. Lakini mpingo hauvimbi hivyo. Na mzee wa Gerezani ana mabaki ya bomba la chuma cha pua la milimita 22, unene 1.2, alilolikatia reli za ngazi.

Kwa hiyo nitatengeneza pete yangu mwenyewe, na mwanya wake nimeshauchora. Upana milimita 3.4 kwa ubapa wa 3, na ukingo mmoja wa mwanya utapanda kwa mteremko ili pete ikizungushwa ikaze dhidi ya msuka badala ya kuugusa tu. Mteremko huo nimeuandikia digrii 5 kwa kuanzia. Jumamosi naenda kukata.